Na Amanda je? Ninavyosoma maoni ya watu kuhusu filamu za mzazi anayemwokoa mtoto

Binti yangu alikuwa na miaka 14 nilipomruhusu aangalie Taken, filamu ya baba anayemsaka binti yake, Kim, aliyetekwa. Niliona ameshakua, na zaidi ya hapo nilikuwa nimesoma maoni mengi ya watazamaji wanaoisifu: baba wa mfano, kila mzazi aiangalie na bintiye, na kadhalika. Tukazima taa, tukakaa pamoja. Saa moja na nusu baadaye Kim amesharudi nyumbani, yuko kifuani mwa wazazi wake uwanja wa ndege, mimi nafuta machozi kama kawaida yangu. Mwanangu kanyamaza. Kisha akaniuliza, "Mama, na Amanda je?"

Kama hujaiona filamu hiyo na hutaki kuhadithiwa, nenda kaiangalie kwanza, kwa sababu siwezi kulieleza swali lile bila kugusa mwisho.

Amanda ni rafiki aliyesafiri na Kim kwenda Paris. Walitekwa siku moja, katika nyumba moja. Bryan Mills, baba yake Kim, ambaye Liam Neeson ndiye aliyemwigiza, anamkuta Amanda kitandani, amefungwa, ameshakufa kwa dawa za kulevya. Kamera inamtazama kidogo tu, kisha msako wa kumtafuta Kim unaendelea. Mwishoni Kim anapelekwa kuonana na mwanamuziki anayempenda. Amanda hatajwi. Wala hatuoneshwi mtu akipiga hodi kwa wazazi wake kuwapa habari.

Filamu hiyo ilitoka Ufaransa Februari 2008, Marekani ikafika mwishoni mwa Januari 2009. Tangu hapo nimeiangalia mara tano au sita, na swali la Amanda halikuwahi kunijia. Mimi, mzazi. Nililala usiku ule nikiwa na aibu kidogo, na kesho yake nikarudi kuyasoma upya maoni niliyoyaamini. Niliowakuta wakimtaja Amanda karibu wote walikuwa wakimlaumu: kimbelembele, mjinga, amejitakia. Kwa nini? Kwa sababu alimwambia kijana mcheshi waliyekutana naye uwanja wa ndege, wakapanda naye teksi moja, kwamba wako peke yao katika nyumba ile.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyosoma maoni ya watazamaji kuhusu filamu za aina hii, na ndiyo ninayotaka kukueleza, hasa kama una mtoto anayekaribia umri wa kuziangalia.

La kwanza, mtazamaji huandika kuhusu alichokifuata. Kuna aliyefuata mapigano, naye atakuambia risasi zilikuwa nyingi au chache, steringi alipigana vizuri au alichoka. Kuna aliyefuata mantiki, atauliza inawezekanaje mtu mmoja amalize genge zima kwa siku chache bila kushikwa na polisi. Na kuna mzazi, ambaye hayo yote hayaoni. Anamwona mtoto tu. Nilipoiangalia mara ya kwanza sikuwa na mtoto, nikaipenda kwa ngumi. Niliporudi kuiangalia baada ya kujifungua, ngumi niliziruka. Nilichorudia ni simu: baba yuko mbali, mtoto yuko chini ya kitanda, na baba anajua hawezi kufika. Hawezi kumdanganya kwamba hawatamchukua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na pale Neeson aliushika kwa sauti peke yake, karibu bila kusogea. Filamu ile ile, mtu yule yule, maoni mawili tofauti kabisa. Basi kabla hujaamini nyota tano au nyota moja, jiulize aliyezitoa alikaa kwenye kiti gani.

Ninaowatafuta siku hizi ni wale wa nyota tatu. Wa tano kashangilia, wa moja kakasirika, na wote wawili mara nyingi huishia hapo. Wa tatu amelazimika kueleza kilichomfurahisha na kilichomkera, na katika maelezo hayo ndimo utakapokuta taarifa unayoihitaji.

Angalia pia anasemaje kuhusu mwanzo. Katika Taken, mtoto hatekwi mpaka kama nusu saa ipite. Kabla ya hapo tunamwona baba anayeishi peke yake, anayemnunulia bintiye mashine ya karaoke kwa siku ya kuzaliwa, halafu baba wa kambo anatokea na farasi. Kuna watazamaji wanaolalamika kwamba inachelewa kuanza. Mimi nakataa. Bila aibu ile ya zawadi ndogo mbele ya farasi, yanayofuata yangekuwa mauaji tu. Mtu akikuandikia "ruka dakika ishirini za mwanzo", shukuru kwa taarifa, lakini ujue huyo hakuifuata hadithi ya mzazi na mtoto.

Kuna jambo moja dogo linaloleta ubishi mwingi usio na sababu: matoleo. Sinema za Marekani zilionesha toleo lililopunguzwa ukali, likapewa daraja la PG-13, yaani onyo kwa wazazi kwamba baadhi ya mambo huenda yasimfae mtoto wa chini ya miaka 13. Baadaye kwenye DVD likatoka na toleo refu zaidi, kali zaidi. Kwa hiyo mmoja anaandika "mbona ni ya kawaida tu", mwingine anasema alifumba macho kwenye tukio la mateso, na wote wanasema kweli. Ukitaka kumwonesha kijana wako, hakikisha unajua ni toleo gani unalo mkononi.

Na usichanganye maoni ya filamu ya kwanza na ya zile zilizofuata. Ya kwanza, iliyoongozwa na Pierre Morel, ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 25 ikaingiza zaidi ya milioni 220 duniani, na fedha za namna hiyo haziachi hadithi ipumzike. Ya pili ikaja 2012, ya tatu mwishoni mwa 2014, zote mbili chini ya Olivier Megaton. Wanaoilalamikia ya tatu kwamba picha zinakatwakatwa hadi kichwa kinauma hawaoni vibaya: kuna mahali Neeson anaruka uzio tu, na kitendo hicho cha sekunde chache kimekatwa zaidi ya mara kumi. Hapo inatosha.

Jambo linaloniumiza zaidi katika maoni ya watu, na naliandika kama mama, ni jinsi mama anavyohukumiwa tofauti na baba. Chukua Kidnap ya 2017, iliyoongozwa na Luis Prieto. Halle Berry ni mhudumu wa mgahawa anayeona mwanawe akiingizwa ndani ya gari na watu asiowajua. Simu inamwanguka akikimbia. Anaingia kwenye gari lake la familia na kuwafukuza, akipiga kelele, akisali kwa sauti, akijisemesha mwenyewe. Nimesoma watu wakimwita mpumbavu, mwenye makelele, asiyejua kufikiri. Baba wa Taken anaua watu wengi kiasi kwamba sikuweza kuwahesabu, bila kutoa jasho la maana, na anaitwa mzazi wa kweli! Tuseme ukweli: mtoto wako akichukuliwa mbele ya macho yako, utafanana na nani? Wengi wetu hatukupita katika ujasusi kama Bryan. Tutapiga kelele. Tutaangusha simu. Sisemi Kidnap ni filamu bora kuliko Taken; hadithi yake ina mashimo. Ila hofu ya yule mama naiamini kuliko utulivu wa Bryan. Ukikuta mtazamaji anamcheka mama kwa kuogopa, yaache maoni yake yapite.

Kuna pia sentensi inayorudiwa sana: "Mzazi yeyote angefanya vile." Niliwahi kuisema mwenyewe. Kisha mwanangu akanikumbusha tukio lingine, kwa sababu siku ile hakuishia kwa Amanda. Bryan amekaribishwa chakula nyumbani kwa rafiki yake wa zamani, askari. Anagundua rafiki huyo anapokea fedha za wahalifu na anamficha habari. Anachofanya ni kumpiga risasi ya mkono mke wa yule rafiki, mwanamke asiyejua lolote, ambaye muda mfupi tu uliopita alikuwa akimhudumia mezani. "Yule mama alikosa nini?" binti yangu akauliza. Nilianza kumjibu kwamba baba alikuwa na haraka, nikaishia katikati. Haraka si jibu.

Ukitaka filamu inayolibeba swali hilo badala ya kulikimbia, kuna Prisoners ya 2013, ya Denis Villeneuve. Hugh Jackman ni baba ambaye bintiye mdogo ametoweka, naye anamfungia kijana mmoja anayemshuku na kumtesa. Ukiwa umezoea kushangilia mzazi akipiga watu, hii itakunyima raha hiyo makusudi. Ni ndefu, saa mbili na nusu, na ni nzito. Si ya watoto kabisa. Watazamaji wanaoisema vibaya kwa kuwa "inakera" wananiambia kwamba imefanya kazi yake.

Kwa kijana, kama unatafuta hofu ya mzazi bila damu nyingi, ningeanza na Searching ya 2018. Yote inaoneshwa kupitia skrini za kompyuta na simu. John Cho anamtafuta bintiye aliyepotea kwa kupekua kompyuta ya binti huyo, na kila faili analofungua linamwonesha kwamba hakumjua. Masomo ya piano aliyodhani anahudhuria, kumbe aliyaacha miezi mingi nyuma. Sitasema zaidi. Mwanangu aliipenda kuliko Taken, nami pia, ingawa ilinichoma.

Sasa, kuhusu kuziangalia na mtoto. Iangalie kwanza peke yako, hata kama uliiona zamani, maana kumbukumbu hufuta mambo. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ndani ya Taken kuna wasichana wanaouzwa kwa mnada wakiwa nusu uchi, na nilijikuta nikitafuta rimoti gizani wakati tukio limeshaanza. Nilichelewa. Hilo ni kosa langu na sitaki liwe lako.

Ikiisha, usihubiri. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba: unaona sasa, watoto wasiosikiliza wazazi? Swali la Amanda lilinizuia kuitoa, na namshukuru Mungu. Kwa sababu ukiitazama vizuri, Kim hakupotea kwa kutosikiliza tu. Alimdanganya baba yake. Alisema wanakwenda Paris kuona makumbusho, kumbe mpango ulikuwa kufuata matamasha ya bendi mji hadi mji, na mama yake alijua. Alidanganya kwa sababu alijua ukweli ungekataliwa. Hapo ndipo tulipozungumza kwa muda mrefu kuliko filamu yenyewe. Nilimuuliza kama kuna mahali amewahi kwenda akaniambia yuko kwingine. Akanyamaza, akasema ndiyo, mara moja. Akanitajia. Moyo ulinipasuka, nikaumeza ulimi. Nilimwambia asante kwa kuniambia, na kwamba kuanzia hapo akinipa ukweli nitausikiliza mpaka mwisho kabla ya kusema hapana. Nimejitahidi kutimiza. Si rahisi.

Tulizungumza pia juu ya yule kijana wa teksi. Sikumwambia Amanda alikuwa mjinga. Nilimuuliza yeye angejibu nini kijana mzuri, mpole, akimuuliza mnakaa wapi, na nani. Alisema labda angejibu kama Amanda, maana kunyamaza kungeonekana utovu wa adabu. Basi tukafanya mazoezi: jinsi ya kusema "kuna watu wanatusubiri", jinsi ya kushuka kabla ya kufika mlangoni. Nikamwambia pia kwamba filamu hizi huweka hatari kwa mgeni wa nchi ya mbali, wakati mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu ambaye mtoto anamjua na nyumba inamwamini. Hilo hatukulimaliza siku moja, na bado tunalirudia.

Wiki iliyofuata alitaka naye aandike maoni yake kuhusu Taken. Nilimwambia aandike alichokiona, asiige cha mtu. Aliandika mistari minne kwenye daftari. Alisema baba anapigana vizuri, simu ile ilimtisha, Kim angeachiwa aseme neno baada ya kuokolewa, na Amanda naye alikuwa na wazazi. Nikamuuliza anaipa nyota ngapi. Akafikiri, kalamu mdomoni, akaweka tatu.