Kwa wanaoanza kusomea melodrama za Hollywood

Mkionyeshwa melodrama za Hollywood za miaka ya 1950, yaani filamu za hisia kali za mapenzi na familia, nusu ya darasa litacheka. Vilio vingi, muziki mzito, rangi kali. Nimefundisha filamu hizi kwa muda mrefu na bado zinanigusa, kwa hiyo nawaomba jambo moja: msiyategemee maneno ya wahusika peke yake. Tazameni vioo, madirisha, ngazi na vyombo vya nyumbani.

Anzeni na All That Heaven Allows ya 1955. Mwongozaji wake, Douglas Sirk, ni Mjerumani aliyeihama Ujerumani ya Hitler mwaka 1937. Cary, anayeigizwa na Jane Wyman, ni mjane mwenye uwezo katika mji mdogo. Anampenda Ron, mtunza bustani aliye mdogo kwake kwa umri. Watu wa klabu wanamsengenya, watoto wake wakubwa wanaona aibu, naye anamwacha Ron kwa ajili yao. Krismasi inafika: binti anaolewa, kijana anaondoka zake, na mama yao wanamletea televisheni. Muuzaji anaisifia kwamba itamletea dunia nzima sebuleni. Kamera inasogea kwenye kioo cha televisheni, na ndani yake tunamwona Cary mwenyewe, ameduwaa.

Simamisheni filamu hapo. Marekani ya baada ya vita iliwaahidi watu nyumba nzuri, gari na vyombo vipya. Cary vyote anavyo, na ndivyo vinavyomfungia ndani. Hakuna mhusika anayelitamka hilo. Udhibiti wa maadili ulikuwa bado na nguvu, na wasanii walioshukiwa ukomunisti walinyimwa kazi. Lawama ikahamia kwenye picha.

Msidanganyike na miisho pia. Cary anampata Ron, ndiyo, lakini akiwa kitandani baada ya kuanguka gengeni. Mwanafunzi akiniandikia kwamba huo ni mwisho mwema, bila neno zaidi, namrudishia kazi yake.

Imitation of Life ya 1959, nayo ya Sirk, inahitaji uvumilivu, kwa sababu mwanzoni inaonekana kumhusu mwigizaji mweupe, Lora. Mfuateni Annie, mwanamke mweusi anayemtunzia nyumba, anayeigizwa na Juanita Moore kwa ustadi mkubwa. Binti yake, mwenye ngozi nyeupe, anajifanya mweupe mbele ya watu, na mpenzi wake anapogundua anampiga vibaya. Lakini kwangu mimi kisa kizito zaidi ni kidogo sana. Baada ya kuishi nyumba moja miaka mingi, Lora anashangaa kusikia Annie ana marafiki wengi. Annie anamjibu kwa upole kwamba hakuwahi kuuliza. Wakati huo weusi wa Montgomery, mji wa kusini mwa Marekani, walikuwa wameshasusia mabasi kupinga ubaguzi na kushinda.

Tazameni kila filamu mara mbili, mara ya pili bila sauti. Kisha nendeni kwa mwongozaji mwingine, Nicholas Ray, na filamu yake Bigger Than Life ya 1956: mwalimu wa shule anafanya kazi ya pili kwenye kampuni ya teksi, na anamficha mkewe jambo hilo.