Je, Kusanyiko Bado Linamhitaji Mchungaji?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, ndugu mwandishi. Mimi ni muumini wa kanisa dogo hapa Malindi, upande wa Muyeye. Mchungaji wetu alistaafu akarudi kwao, na tangu hapo wazee wa kanisa huongoza ibada kwa zamu. Sasa tunatakiwa kuamua kama tutamwita mwingine. Mume wangu hataki kuisikia habari hiyo. Anasema kwamba baada ya yaliyotokea Shakahola, kila mtu na asome Biblia yake nyumbani, kwa kuwa Roho Mtakatifu anatosha kutufundisha. Moyo wangu unakataa, lakini nikiulizwa mchungaji analifaa nini kusanyiko, nakosa la kusema. Naomba unisaidie.
Mama wa watoto watatu, Malindi.

JIBU: Amina, dada yangu. Umeuliza jambo ambalo wengi pwani hii wanalinong'ona tu. Kwanza nakusihi usimhesabu mumeo kuwa amepoa kiroho. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, ndani ya kaunti yetu hii ya Kilifi, na wengi miongoni mwao walikuwa watoto. Kwa ushuhuda wa walionusurika, watu wale waliaminishwa na mhubiri wao kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu. Aliyeyaona magari yakiingia mochari ya Malindi siku zile ana haki ya kuogopa, na mtu asimwambie kwamba hofu yake ni dhambi.

Hata hivyo, Maandiko yanawajua wachungaji wa namna hiyo tangu zamani. Katika Ezekieli 34 Mungu anawakemea wachungaji wanaojilisha wenyewe, wanaokula walionona na kujivika manyoya, huku kondoo wakitawanyika bila wa kuwatafuta. Hukumu yake ni kali, lakini haisemi kwamba tangu siku hiyo kondoo wajichunge wenyewe. Anasema atawatoa vinywani mwao, atawatafuta yeye mwenyewe, kisha atawawekea mchungaji. Na katika Yeremia 3:15 anaahidi wachungaji waupendezao moyo wake, watakaowalisha watu wake kwa maarifa na fahamu. Litazame neno hilo, kulisha. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na anayewanyima kondoo chakula, kiwe cha mwili au cha neno, amekwisha kujiondoa katika uchungaji hata kama bado anaitwa mchungaji na anasimama madhabahuni.

Niruhusu nikueleze nilivyoliona hilo kwa macho yangu. Katika kanisa nililolelewa, lililoezekwa kwa makuti, mchungaji wetu alikuwa na desturi ya kutaja andiko kisha akanyamaza. Alimngojea bibi mmoja aliyejifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha ngumbaru, ambaye alifungua kurasa polepole huku kusi ikizirudisha, hadi kidole chake kilipotua kwenye mstari. Vijana tulichoka kungoja. Jumapili moja bibi yule aliinua mkono akasema, "Mchungaji, hapa pangu hapasemi hivyo." Mchungaji alishuka, akainama juu ya Biblia yake, akasoma kimya, kisha akasimama akatuambia sote kwamba mama amesema kweli, naye amekosea. Bibi yule hakuwa na cheo chochote kanisani; alikuwa amelishwa miaka mingi, na sasa aliweza kuonja chakula akajua kama kimeharibika. Nikiulizwa mchungaji mcha Mungu analifaa nini kusanyiko, humkumbuka yeye kabla ya kuikumbuka hotuba yoyote. Ndicho anachokiandika Paulo katika Waefeso 4, kwamba wachungaji na walimu walitolewa ili watakatifu wakamilishwe, wasiwe tena watoto wanaochukuliwa huku na huku na kila upepo wa elimu.

Kuhusu hoja kwamba Roho anatosha, someni pamoja Matendo 8. Towashi wa Kushi alikuwa na chuo cha Isaya mkononi, akisoma mwenyewe garini mwake, na moyo wake ulikuwa na kiu. Filipo alipomuuliza kama anayafahamu anayoyasoma, alijibu kwamba atawezaje mtu asipomwongoza. Na ni nani aliyemtuma Filipo aende karibu na gari lile? Ni Roho yule yule. Mumeo asidhani kwamba kumtegemea Roho na kumkubali mwalimu ni mambo yanayopingana.

Tena mafundisho peke yake hayatoshi, kwa kuwa mchungaji hukaa na watu. Mgonjwa anayelala hospitalini juma la tatu, wageni wakiwa wamepungua, anahitaji mtu anayelijua jina lake na shida ya nyumba yake. Kukaa huko hakuonekani faida yake kwa haraka. Mmisionari Johannes Rebmann alifika Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1846, akadumu katika Afrika Mashariki karibu miaka 29, akaondoka amepoteza uwezo wa kuona, na walioamini katika miaka mingi ya kazi yake walikuwa wachache sana. Leo Rabai inatajwa kila panaposimuliwa mwanzo wa Ukristo nchini Kenya.

Sasa nije kwenye uamuzi wenu, maana hapo ndipo makusanyiko mengi huteleza kwa kupenda sauti nzuri. Mlango wa tatu wa 1 Timotheo unataka mwangalizi asiyependa fedha, asiyekuwa ameongoka karibuni tu, anayeisimamia vema nyumba yake, na anayeshuhudiwa mema na watu walio nje. Hilo la mwisho lichukueni kwa uzito. Nendeni alikokuwa akihudumu, mkamuulize jirani yake Mwislamu mwenye duka kama hulipa deni lake, mkawaulize wajane. Muulizeni yeye mwenyewe ni nani huhesabu sadaka na ni nani huona daftari. Akikasirika, mmekwisha kujibiwa. Na akianza kuwatajia Waebrania 13:17 kwamba mnapaswa kumtii, mwombeni ausome mstari wote, kwa sababu unasema pia kwamba wao watatoa hesabu.

Nakushauri, dada yangu, uwaombe wazee wa kanisa wamwalike mumeo katika kikao cha kumhoji mtakayempendekeza, naye apewe nafasi ya kuuliza kwanza. Aulize juu ya Shakahola bila kuzungushazungusha maneno, na mgeni aachwe ajibu bila mtu kumsaidia.