Moyo huvunjika, tamaa hukatwa

Wiki hii mmetuuliza maana ya "kuvunjika moyo", na kama usemi huo una tofauti yoyote na "kukata tamaa". Wengi wetu huzitumia semi hizi mbili kana kwamba ni moja, lakini naona sarufi yenyewe imekwisha kuzitenga.

Katika "kuvunjika moyo", kiambishi -ik- huonyesha hali iliyompata mtu bila kumtaja aliyeisababisha. Husemwa "wafanyakazi wamevunjika moyo" kama isemwavyo "amevunjika mguu": hutangulia mwenye kiungo, kisha hutajwa kilichoumia, na moyo kwa kawaida hubaki katika umoja hata wahusika wakiwa wengi. Aliyevunjika mguu hakuuvunja kwa hiari, wala hajakosa mguu. Vivyo hivyo, mfanyakazi ambaye juhudi zake zimepuuzwa mara kwa mara huendelea kufika kazini, ila hufanya lile aliloagizwa tu. Kilichopungua ni ari.

"Kukata tamaa" ni tendo, na anayelitenda ni mwenye tamaa mwenyewe. Ndiyo maana, tukitaka kumtaja mtu mwingine aliyesababisha, hatusemi "amenikata tamaa" bali "amenikatisha tamaa", ilhali "amenivunja moyo" haihitaji nyongeza hiyo. Ipo pia "kumkatia mtu tamaa", yaani kuacha kutarajia kwamba atapona au atabadilika, ingawa huenda yeye mwenyewe bado ana matumaini tele.

Neno "tamaa", ambalo asili yake ni Kiarabu, pia lina maana ya uroho, na nadhani hapo ndipo wanaojifunza lugha hukwama, kwa kuwa ndani ya usemi huu maana yake ni matarajio. Kwa sababu hiyohiyo kinyume cha kukata tamaa hakiwezi kuwa "kutia tamaa", ambako ni kushawishi. Moyo hauna taabu hiyo: huvunjika, hufa, hutiwa, hata hupigwa konde.

Basi mwandishi wa michezo anayetuambia kwamba timu "ilikata tamaa" baada ya kufungwa bao la kwanza, kisha akasimulia jinsi ilivyopigana hadi ikasawazisha katika dakika ya 80, amechagua usemi usiofaa. Timu hiyo ilivunjika moyo tu.