Kabla hujaandika jina la babu, uliza ni babu yupi

Bibi alipofariki mwaka 2013 tulifungua sanduku lake la bati. Chini kabisa ya kanga kulikuwa na bahasha ya kaki, na ndani yake kipande cha mkonge: kadi ya kazi ya manamba, yaani kibarua wa shamba la mkonge, yenye nafasi za siku 30. Mikunjo ilikuwa imeshonwa kwa uzi mweusi ili isichanike. Jina lililoandikwa juu halikuwa la babu. Alama za siku zilizofanyiwa kazi zilikuwa 19 tu.

Ilinichukua miaka mitatu kuielewa kadi ile. Nayaandika haya kwa sababu najua wengi mnatafuta asili zenu huku mkikwama palepale nilipokwama mimi.

Babu tuliyemjua alitoka Kasulu, kwa Waha wa Kigoma. Wakati wa Mwingereza, mashamba ya mkonge ya Tanga yaliletewa vijana kutoka Kigoma, Songea, Njombe, hata Burundi, na kila mmoja alipewa namba. Ndiyo asili ya neno manamba. Kama ukoo wako umepita huko, usianze na jina. Karani aliandika alivyosikia, na kwa masikio ya mtu wa pwani, jina la Kiha linaloanza na Nta- liliweza kuwa Ta-. Wengine walisilimu au wakabatizwa, wakabadili jina. Wengine walifanya kazi kwa kadi ya ndugu. Mimi niliishikilia hiyo ya mwisho, nikaamini babu alitumia kadi isiyo yake, na imani hiyo ikanipotezea muda mwingi.

Kosa langu jingine lilikuwa kuwasahihisha wazee. Bibi alikuwa akisema babu alizaliwa "wakati wa Mbelgiji." Nilidhani amechanganya na Kongo, maana shuleni nilisoma Mjerumani kisha Mwingereza. Kumbe Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916, wakaishikilia pamoja na Kasulu mpaka 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza. Bibi, Mbondei ambaye hakuwahi kufika Kigoma, alikuwa amenipa tarehe nzuri kuliko karatasi yoyote niliyoipata baadaye. Mzee akikutajia njaa, nzige au vita, andika kama alivyotamka. Kutafuta mwaka ni kazi yako ya baadaye.

Ila kilichonizuia hasa ni lugha yetu wenyewe. Kila nilipomuuliza shangazi, "Baba yake baba ni nani?" alinijibu, "Si babu yako!" Na alisema kweli. Kwetu baba mdogo ni baba, na ndugu wa babu ni babu; swali la "nani" halitenganishi watu hawa. Siku moja, tukiwa tunachambua mchele, niliuliza kwa njia nyingine: "Hivi bibi alikaa eda mara ngapi?"

Shangazi hakuinua macho kwenye ungo. "Mara mbili," akasema.

Basi yote yakafunguka. Mume wa kwanza wa bibi alikuwa kaka mkubwa wa babu. Alifia kambini mwaka 1952, kadi yake ikiwa na siku 19. Mdogo wake akaja kutoka Kasulu kumzika, hakuwahi mazishi, na eda ilipokwisha akamuoa mjane. Baba yangu alikuwa na miaka sita. Kwa hiyo uliza mambo yaliyotendeka: nani alitoa mahari, nani alizikwa wapi, nani alikuja baada ya msiba.

Hapa nilifanya jambo ninalolijutia mpaka leo. Kwa furaha ya kupata jibu, niliandika yote kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kabla sijakaa na baba. Kufika jioni binamu mmoja alikuwa ameshauliza kama baba alistahili fungu lake katika shamba la babu, kwa kuwa mtoto wa kaka hamrithi baba mdogo mwenye watoto wa kiume wa kuzaa. Shangazi, mtoto wa babu wa damu, ndiye aliyekata maneno: fungu lile babu aligawa kwa mkono wake akiwa hai, ni hiba. Baba hakuandika kitu. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia alikumbuka mazishi ya baba yake vizuri, ila hakutaka yule aliyemlea aitwe wa pili. Siri ya ukoo ina mwenyewe. Mwendee yeye kwanza, ukae naye mkekani, na akisema isiandikwe, usiandike.

Mwaka 2017 nilikwenda Kasulu. Nyumba ya ukoo haipo. Watu walihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, pakabaki mahame yenye mwembe mmoja mkubwa. Nenda hata hivyo, maana majirani nao walihamia pamoja. Nilipelekwa kwa mzee aliyekuwa amekaa kwenye kiti pekee barazani. Nikamtajia ukoo, nikamwambia mimi ni mjukuu wa yule aliyekwenda mkongeni asirudi.

Akanitazama kitambo. "Yule aliyetangulia, au aliyemfuata kaka yake?"

Nikasema, "Wote wawili."

Akamwita mtoto alete kiti kingine.