Rafiki wa Pangoni na Adui wa Sebuleni

Wiki jana niliandika, kwa kupitia tu, kwamba filamu ya kwanza ya Iron Man, ile ya 2008 ya Tony Stark, tajiri muunda silaha anayejiundia suti ya chuma, ni hadithi ya watu wawili ambao hawakuonana hata siku moja: rafiki aliyekufa na adui aliyejificha. Kumbe nilichokoza mzinga wa nyuki. Hizi hapa barua saba kati ya zilizoingia. Kama hujaitazama, simama hapa, maana mbarika zote zitapasuliwa.

Nganya yetu, yaani matatu ya mapambo, imechorwa Iron Man ubavuni. Abiria alisema waliotaka kumuua Tony Stark ni wale magaidi wa pangoni, dereva akasema ni Stane. Tulibishana kutoka Bomas hadi mwisho wa safari. Nani mkweli? (Makanga, Rongai)

Mnunulie dereva chai. Wale wa pangoni walikuwa vibarua. Aliyewalipa wamuue Tony kule Afghanistan ni Obadiah Stane, mshirika wa marehemu babake Tony, mtu aliyekuwa akiingia katika ile nyumba bila kubisha hodi. Walipogundua ni nani waliyepewa kazi ya kumuua, waliona bei waliyolipwa ni ndogo, wakamweka hai awaundie makombora.

Lakini nataka mtazame tena tukio la sofa. Stane anamjia Tony nyumbani kwake, anamgandisha mwili kwa kifaa kidogo cha sauti, kisha anaketi ubavuni pake kama mtu aliyekuja kusalimia mgonjwa. Anang'oa ile mashine inayong'aa kifuani mwa Tony, inayomweka hai, taratibu, huku akimsemesha. Hapigi kelele wala hana haraka. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, ila huyu hata nguoni hajajificha. Yuko juu ya kiti, na pengine ndiye aliyekichagua.

Sasa, Tony anaokolewa na nini? Anajikokota hadi kwenye karakana yake, anafikia mashine ya zamani ambayo Pepper, msaidizi wake, aliihifadhi ndani ya kioo kama zawadi. Hiyo ndiyo waliyoiunda pangoni, Tony na Yinsen, mateka mwenzake. Yinsen ndiye aliyebeba kile chungu cha madini yaliyoyeyuka, akayamimina kwenye kalibu bila mkono kutetemeka. Kwa hiyo siku Tony anapopambana na Stane, kifuani amebeba kazi ya mikono ya marehemu. Hapo ndipo rafiki na adui wanakutana, kama ulikuwa unatafuta mahali.

Kwa nini Yinsen asingeponea? Wangetoroka wote wawili. (Kayole)

Hili swali nimeishi nalo kuliko wewe. Filamu hii niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video, sote tumebanana kwenye mabenchi ya mbao, na ile CD haikuwa halali, tusidanganyane. Ikafika pale suti inapowashwa, walinzi wanagonga mlango, mashine bado inahesabu. Yinsen anachukua bunduki, anakimbia nje akifyatua ovyo ili Tony apate dakika chache. CD ikaganda. Mwenye kibanda akaitoa, akaipulizia, akaipangusa kwa fulana yake, akairudisha. Ilipoanza tena Tony alikuwa nje, anateketeza silaha. Yinsen hayupo.

Nikaondoka nikiamini yuko hai. Kwa muda mrefu nilikuwa na hakika ndiye atakayerudi kama adui mkuu, na niliwashinda wengi kwa hoja hiyo hadi nilipoiona nakala nzima: Yinsen kalala juu ya magunia, damu, anamsihi Tony asiyachezee maisha aliyoachiwa.

Kuhusu kuponea: alikuwa amemwambia Tony kwamba akitoka pale ataenda kuiona familia yake. Tony akaelewa kama wewe ulivyoelewa. Familia ilikuwa imeshakufa. Yule bwana alikuwa anaaga tangu mwanzo, na mwenzake hakusikia.

Katika kitabu cha katuni cha 1963 kilichomzaa Iron Man, Yinsen anakufa vivyo hivyo, ila vita ni vya Vietnam, na suti ya kwanza ni ya kijivu. Wekundu na dhahabu vilikuja baadaye.

Mwanangu ana miaka minane. Rafiki wa shujaa akifa analia hadi analala. Nimkataze hizi filamu? (Mama wawili, Umoja)

Mama, usimkataze, ila usimwache aangalie peke yake. Halafu tafuta Supa Modo, filamu yetu ya 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Jo ni msichana wa miaka tisa, mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anayependa filamu za mashujaa kupita kiasi. Kijiji kizima kinajipanga kumfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Hapo anayeondoka ni shujaa mwenyewe, na hakuna adui wa kulaumiwa. Mwanao atalia, nawe utalia, lakini mtakuwa na la kuzungumza mezani. Mimi niliitazama nikiwa na mpwa wangu, na aliyeomba kitambaa si yeye.

Suti ile inaweza kutengenezwa kweli? (Githurai)

Chuma si shida. Shida ni umeme wa kuisukuma, kisha shingo yako. Ukianguka kutoka ghorofani ndani ya suti, bamba halipati mkunjo, ila ubongo wako bado unajigonga kwenye fuvu.

Ninaandika hadithi ya shujaa wa deraya aliye hapa Nairobi. Nitamfichaje mpangaji wa njama bila msomaji kuhisi ametapeliwa? (Mwanafunzi, South B)

Nimefurahi kwamba umesema deraya, yaani vazi la chuma la vitani. Neno lipo, watu wamelisahau.

Makosa ya wengi ni kumficha adui gizani: kofia, moshi wa sigara, sauti nzito kwenye simu. Msomaji akiona kivuli anaanza kuhesabu wahusika, na ukurasa wa ishirini ameshamjua. Mfiche kwenye mwanga. Mpe kazi inayoonekana na ya manufaa. Stane katika ile filamu anamletea Tony pizza kutoka New York. Ni nani atamshuku mtu aliyebeba pizza?

Tazama pia walivyofanya katika filamu ya tatu, 2013. Kuna gaidi wa kutisha, Mandarin, na mwishowe tunaambiwa ni mwigizaji mlevi aliyeajiriwa. Mwenye njama ni Aldrich Killian. Watu walikasirika sana. Mimi nasema hawakutapeliwa: yule Mandarin tulikuwa tukimwona kwenye matangazo ya runinga tu, na Killian alitambulishwa mwanzoni kabisa, mbele ya macho yetu. Ushahidi ulikuwepo, sisi tukatazama ndevu za Mandarin.

Kwenye vitabu vya katuni Stane alianza 1982, na alikuwa mtu wa sataranji: anatuma wengine, yeye anakaa nyuma ya ubao. Alimmaliza Tony kwa pombe na kwa kampuni kabla hawajarushiana ngumi. Bomu lake lilimuua Morley Erwin, rafiki aliyekuwa akimsaidia Tony kujijenga upya, na hapo ndipo Tony akavaa suti kumfuata, toleo la 200, 1985. Angalia mpangilio huo: rafiki anakufa kwanza, ndipo adui anaonekana uso. Ukivigeuza, kifo cha rafiki kinakuwa taarifa tu.

Na kwa hadithi yako: usiniletee maabara ya kioo Upper Hill. Suti ya Nairobi inagongwa Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, pale ambapo nyundo zinapiga mabati tangu asubuhi na watu wanasemezana kwa ishara. Rafiki awe fundi wa masanduku ya shule, mwenye kovu la cheche kwenye kiganja. Adui awe yule anayewaletea mabati kwa mkopo na kuuliza hali ya watoto kwa majina. Nisome sura tatu nikimpenda.

Mbona twashangilia za Wazungu? Kwani Waswahili hatuna shujaa kama huyo? (Mwalimu mstaafu, Eastleigh)

Shikamoo mwalimu. Tunaye, na deraya yake ilikuwa ngozi. Fumo Liongo hakupenywa na mkuki wala mshale. Kilichoweza kumuua ni sindano ya shaba kitovuni. Mfalme wa Pate alimwogopa, lakini hakujitokeza kupigana naye. Alimtafuta mtoto wa Liongo mwenyewe (wengine husimulia kuwa mpwa), akamwahidi kumwoza binti yake, akamtuma akaulize siri. Liongo alishuku, na bado akamwambia. Usiku, akiwa amelala, akachomwa.

Kwa hiyo kwetu rafiki na msaliti ni mtu mmoja, na anayevuta kamba amekaa mbali anasubiri habari. Ni hadithi kali kuliko ya Stane. Liongo alikwenda hadi kisimani akapiga goti, mshale kwenye upinde, akafia hapo hapo. Watu wa mji walikaa na kiu siku kadhaa kwa kuogopa maiti waliyodhani ni mtu hai, hadi mamake alipokwenda kumbembeleza atulie. Kumchora huyo ubavuni mwa matatu, nani ataanza? Makanga wa Rongai, nakuangalia wewe.

Swali fupi: Yinsen hakuwahi kurudi tena? (Kawangware)

Alirudi, kwa sekunde chache. Pangoni alikuwa amemwambia Tony kwamba waliwahi kukutana kwenye mkutano mjini Bern, Uswisi, Tony akiwa amelewa hata asikumbuke. Filamu ya tatu inafungua kwa usiku huo, usiku wa Desemba 31, 1999. Yinsen anajitambulisha kwa adabu, Tony anampita kama mtu anayepita muuza njugu kwenye foleni.

Dakika chache tu baadaye kijana mmoja mwenye nywele chafu anamwomba Tony amsikilize kuhusu kampuni yake. Tony anamwambia atangulie juu ya paa, anakuja sasa hivi. Haendi. Kijana anasubiri kwenye baridi peke yake, fataki za mwaka mpya zikilipuka.

Jina lake Killian.