Kwanza uzuie udongo usiteremke ziwani

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Je, mtu wa mjini anaweza kuwa na bustani ya mboga na majani mazuri uani bila mbolea ya dukani wala sumu ya wadudu? Afanyeje?" Mimi naishi Bwiru, Mwanza, kwenye kiwanja chenye mteremko na mawe mengi kuliko udongo, na jibu langu ni kwamba anaweza. Ila kila anayekuja kuona bustani yangu huanza na dawa. "Badala ya sumu unapuliza nini, mama?" Huwa namwomba tuanzie nyuma kidogo. Kwa mji kama wetu, swali la kwanza ni maji ya mvua yanapita wapi uani kwako, na yanaondoka na nini.

Tazameni mji ulivyokaa. Nyumba zimepanda vilima, Isamilo, Bugando, Mabatini, Igogo, na ziwa liko chini. Mvua ya Aprili ikipiga kwa saa moja tu, maji yanashuka kwa kasi juu ya miamba, yanajaza mitaro, yanaingia Mto Mirongo na kufika ziwani yakiwa na rangi ya udongo. Hiyo ndiyo rutuba ya watu inayokwenda. Ukiwa umemwaga mbolea ya urea juu ya udongo mtupu siku moja kabla, naitrojeni yake imeondoka na maji. Fosforasi ya DAP, ile mbolea ya dukani ya kupandia, hushikana na chembe za udongo na kusafiri nazo. Zikifika ziwani hazipotei, zinalisha mwani na gugumaji. Sisemi vibustani vyetu ndivyo vilivyoliharibu ziwa; maji machafu ya mji, mashamba makubwa, hata vumbi na moshi vinavyorudishwa chini na mvua, vina mchango mkubwa kuliko sisi. Lakini maji tunayokunywa yanavutwa humohumo, Capripoint na Butimba, na sato tunaemla anaishi humo. Siwezi kuona jambo hili kuwa dogo.

Tena udongo wenyewe wa vilimani ni luseni, kichanga chepesi ambacho hakishiki maji wala mbolea kwa muda mrefu. Mwenye mbuga nyeusi, ule udongo mzito wa bondeni, ana matatizo mengine, lakini sisi wa luseni tatizo letu ni moja: kila unachokitia kinapita. Ndiyo maana mtu anaweka mbolea ya chumvichumvi leo, mchicha unashtuka na kuwa kijani, baada ya wiki chache anarudi dukani. Kinachoushika udongo wa namna hii ni mboji, majani yaliyooza na samadi, mwaka baada ya mwaka.

Anayetaka ushahidi asiende mbali. Ukara, kisiwa kidogo kaskazini mwa Ukerewe, Wakara waliishi wamesongamana kwenye ardhi ya kichanga yenye mawe na wakailima kwa vizazi bila kuipumzisha kwa miaka mingi kama wengine walivyofanya bara. Ng'ombe wao walifungwa nyumbani wakakatiwa majani, na samadi ikabebwa hadi shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, kisha wakaifukia ardhini iwe mbolea. Miteremko waliijengea kuta za mawe. Wataalamu wa kilimo waliandika habari zao tangu enzi za ukoloni, wakishangaa jinsi kisiwa kile kilivyolisha watu wengi vile. Nikisikia mtu akisema kilimo hai ni mtindo wa wageni au wa watu wenye fedha, huwa naumia, kwa sababu elimu hii iko hapa ziwani, safari ya boti tu kutoka Ukerewe.

Basi mimi nilianza na mawe. Kwetu ni ya kuokota. Nilipanga kingo kukata mteremko, nikizipima kwa mpira mwembamba wa maji ambao mafundi ujenzi hutafutia usawa, maana ukingo usiolala sawa unakusanya maji upande mmoja na kubomoka hapo. Nyuma ya kila ukingo udongo unajikusanya wenyewe kila mvua. Juu ya ukingo nimepanda mchaichai, mizizi yake inashika vizuri na chai inapatikana. Mahali penye mteremko mkali nimeacha matembele yatambae; yanafunika ardhi yote na tunayala.

Halafu matandazo. Ardhi ya bustani isionekane, ndiyo kanuni niliyowapa wajukuu. Nyasi kavu, majani ya miembe, pumba za mpunga kutoka mashine za kukoboa, unene wa vidole vinne hivi, ila yasiguse shina la mche, maana hapo huvutia mchwa na kuozesha shina. Kiangazi cha Juni hadi Septemba bustani yenye matandazo inamwagiliwa mara chache sana kuliko iliyo wazi, na mvua ikija, tone linapiga jani kavu badala ya kupiga udongo.

Kuhusu majani makavu nina ombi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, mitaa yetu hujaa moshi. Watu wanafagia uwanja mpaka unang'aa, wanakusanya majani na kuyachoma, kisha Jumatatu wanatafuta mbolea. Tafadhalini msichome. Mimi napita kwa majirani asubuhi na mapema na toroli kuyaomba, na hakuna aliyewahi kuninyima.

Mboji yangu naipanga chini ya mwembe, upana na kimo visipungue mita moja, kwani rundo dogo halipati joto. Tabaka la vitu vikavu, tabaka la mabichi, samadi ya kuku kutoka kwa wafugaji wa jirani, majivu ya mkaa kidogo, udongo kidogo, maji, kisha tena. Majivu yawe ya kuni au mkaa mtupu. Ya jalala lililochomwa na plastiki usiyaguse. Samadi ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mimea, lazima ipite kwenye rundo kwanza. Chomeka fimbo katikati. Ukiichomoa baada ya siku chache na kuikuta ya moto, kazi inakwenda, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu. Ligeuze kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi miwili mitatu inanuka udongo wa msituni.

Sisi wa ziwani tuna utajiri wa ziada. Matumbo na magamba ya samaki yana naitrojeni na fosforasi nyingi, ila yafukiwe katikati kabisa ya rundo, la sivyo mbwa, paka na wale korongo wakubwa wenye vipara watalifumua lote. Wale wadudu wa ziwani wanaofunika taa usiku na kufagiliwa asubuhi kibarazani nao naingiza. Gugumaji pia linaoza vizuri na ni bure, lakini chagueni mahali pa kulichukua: mmea ule hufyonza madini mazito, hivyo lile la karibu na mitaro ya mji au midomo ya mito michafu mimi silileti kwenye mboga. Wala msilibebe kwenda karibu na malambo ya bara, maana mbegu zake hukaa hai kwa miaka mingi.

Na kwa kuwa nimelitaja: mmea huo ulitoka Amerika ya Kusini, na miaka ya 1990 ulifunika ghuba zetu mpaka boti zikashindwa kutoka. Moja ya silaha zilizotumika kuupunguza ni fukusi wadogo wenye asili ya hukohuko, walioletwa kuutafuna, mdudu asiyegusa mazao yetu. Kwa hiyo wazo la mdudu kufanya kazi ya sumu si geni ziwani. Uani kwangu wafanyakazi hao ni wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, wanaokula vidukari, pamoja na vyura, buibui, na mijusi ya kwenye mawe, dume lenye kichwa chekundu na mwili wa bluu. Mjusi huyo jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, amepewa jina la mkoa wetu. Watoto wanampiga mawe, nami nawakataza kwa sababu anashinda akila wadudu. Sumu inayoua vidukari inawaua na maadui wa vidukari, na kwa kawaida vidukari ndio wanaorudi kwanza.

Sasa nafika kwenye dawa. Vidukari navipangusa kwa maji ya sabuni ya mche. Kwa viwavi natwanga kokwa za mwarobaini, gramu 50 kwa lita moja ya maji, naloweka usiku kucha, nachuja, naongeza sabuni kidogo na kupuliza jioni, kwa kuwa jua huivunja nguvu. Kokwa zina nguvu kuliko majani. Nyanya ndiyo ngumu kuliko zote tangu kantangaze, nondo mdogo wa nyanya, aingie nchini mwaka 2014. Kiwavi wake anajificha ndani ya jani ambako hata sumu nyingi za dukani hazimfikii, na nyingine amezizoea. Nachuma kila jani lenye michoro yake, nalifunga kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani. Nyanya, nyanya chungu, pilipili na mnafu ni ukoo mmoja, hivyo havifuatani kwenye tuta moja. Mche ukinyauka ghafla ungali kijani, kata shina ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona ute mweupe ukishuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa uuchome, na tuta hilo lipe mahindi kwa misimu kadhaa. Kabichi sipandi. Wanaoiweza bila sumu nawaheshimu sana.

Lakini kuna dawa moja ya asili ambayo nawasihi watu wa mwambao wawe nayo makini, nayo ni majani ya kichaka cha utupa. Inasifiwa sana, na ni kweli inaua wadudu. Utupa huohuo ndio uliotumika tangu zamani kulevya samaki mitoni, uvuvi ambao leo ni kosa kisheria. Kinachoua ndani yake ni rotenoni, na samaki hawaihimili hata kwa kiasi kidogo. Mtu anayepuliza utupa mita chache kutoka ufukweni, au anayesuuza ndoo yake ziwani, ametia sumu majini ingawa hakununua kitu dukani. Mimi siutumii kabisa. Na dukani nako, nimeona dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya pamba ikipulizwa kwenye mchicha, nyingine imepimwa kwenye chupa ya maji isiyo na maandishi, hivyo mnunuzi hajui hata siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu au nne. Hapo hakuna nafasi ya kusubiri.

Majani ya uani nitayaeleza kwa ufupi, maana hayana makuu. Penye jua panda ukoka wa kienyeji, penye kivuli majani ya Pemba. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, na yaliyokatwa yaache palepale yaoze. Hiyo ni mbolea ya bure. Mvua za kwanza zikianza, chekecha mboji nyembamba juu yake. Ndago hazimalizwi kwa kung'oa majani ya juu, viazi vyake vimebaki chini. Chimbua kwa jembe-uma udongo ukiwa na unyevu, na ulee ukoka uwe mzito, maana ndago hupenda jua na kivuli huidhoofisha. Dawa ya kuua magugu naikataa kwa sababu ileile niliyoanza nayo: inaacha ardhi tupu mtelemkoni, na mvua inayofuata inaichukua. Agosti ukoka wangu unakuwa wa kahawia, nami siumwagilii maji ya bomba wakati kuna mitaa ya milimani inasubiri mgao. Mizizi iko hai. Vuli ikianza, ndani ya siku chache umerudi.

Wapo wanaoniambia majani yanaleta nyoka. Karibu na milango na kuta nakata fupi kabisa, na marundo ya mawe na mboji nayaweka mbali na nyumba. Wengine husema hawana nafasi. Ndoo tatu zilizotobolewa chini, nusu mboji nusu udongo, zinatosha mnafu, mchicha na mgagani wa kuonjea. Mgagani ukizidi, uchemshe uanike upate nsansa, mboga kavu za kiangazi.

Gharama ni nguvu zaidi kuliko fedha: toroli, sepeto, na mtu wa kugeuza rundo mgongo ukichoka. Anayetaka kupanda vuli hii asisubiri mvua ndipo atafute mbolea. Rundo likipangwa sasa, Julai hii au mwanzoni mwa Agosti, mboji inakuwa tayari Oktoba, na kingo za mawe ziwe zimekamilika kabla yake, maana zile mvua za kwanza zinazokuta ardhi imekauka ndizo zinazobeba udongo mwingi zaidi.