AC Ikidondosha Maji Ndani, Katazame Mpira wa Nje Kwanza

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea Dar es Salaam, na mama yangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kwa ajili ya kliniki ya presha. Tulimpa chumba chenye AC ili apumzike. Usiku wa pili akaniita kwa sauti ya chini, kama anayeona haya kutuamsha: "Mwanangu, huku ndani kunanyesha." Nikawasha taa. Maji yalikuwa yanachuruzika ukutani kutoka kwenye AC, mto umelowa, chandarua kimegandana kama kimetoka kufuliwa. Iliniuma sana, maana katika nyumba nzima yeye ndiye niliyetaka alale vizuri.

Kulipokucha nikaita fundi. Akaitazama kutoka chini, akasema gesi imepungua, akajaza, nikalipa shilingi 80,000. Siku mbili tu, maji yakarudi. Nilipompigia akasema labda gesi inavuja, aje ajaze tena. Aliyeniokoa ni mzee mmoja mpangaji wa chini, mtu aliyefanya kazi ya mabomba miaka mingi. Aliniuliza swali moja tu: "Mbona mpira wenu wa kutolea maji huku nje mkavu, na AC inaunguruma?"

Maji ya AC yanatoka hewani. Ukiweka soda ya baridi mezani saa saba mchana, chupa inatoa jasho hadi meza inalowa. Ndani ya AC mna koili, yaani mabomba membamba ya baridi yaliyokunjwakunjwa, inayotoa jasho vilevile saa zote inapofanya kazi. Jasho hilo hudondokea kwenye sinia jembamba chini ya koili, kisha huteremka kwa mpira hadi nje. Kumbuka kwamba Willis Carrier, mhandisi wa Kimarekani aliyeanzisha AC ya kisasa, alipobuni mtambo wake mwaka 1902, shida iliyomsukuma ilikuwa unyevu uliokuwa ukiharibu karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, New York. Kukausha hewa ni kazi ya AC tangu mwanzo. Kwa hiyo katika joto letu la pwani, AC ikiwaka usiku kucha na mpira usitoe hata tone, maji yamekwama ndani, na sinia likijaa hayana pa kwenda ila kitandani.

Gesi nayo ikipungua kweli inaweza kuleta maji, lakini huja na dalili zake. Chumba hakipoi vizuri, na ukifungua mfuniko wa mbele unakuta barafu kwenye koili. Chujio likijaa vumbi nalo huleta barafu hiyohiyo, basi lioshe kwanza kabla hujatoa hela. Yetu ilikuwa inapoza vizuri kabisa, haina barafu hata chembe.

Tulianza kwa kuzima umeme. Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Zima swichi ya ukutani na breka yake, kwa sababu maji yanayofurika yanaweza kufika kwenye nyaya. Kisha tukasogeza kitanda na kutandika nailoni.

Mzee alinikataza mambo mawili. La kwanza, nisipulize mpira kutoka nje, kwa mdomo wala kwa pampu, kwani uchafu unarudi kwenye sinia na kumwagika chumbani. La pili, nisichokonoe kwa waya mgumu. Mpira ukitoboka ndani ya ukuta hutajua, hadi siku rangi itakapoanza kubanduka. Uchafu unavutwa kwa nje.

Nikaenda kwa vijana wa kuosha magari na makochi hapo barabarani, wale wenye mashine ya kuvuta vumbi inayoweza kuvuta na maji. Kijana mmoja akaja nayo kwa shilingi 5,000. Tukaunganisha mdomo wa mashine na ncha ya mpira, tukaziba mwanya kwa tambara bichi, akawasha. Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, mpira ukatetemeka mkononi mwangu, ukakoroma, kisha kitu kikapita kwa mkupuo. Tulipofungua tangi la mashine tukakuta kipande cha ute wa kahawia urefu wa kidole, kinateleza kama bamia, kimeshikana na vumbi na mabawa ya wadudu. Ndicho kilichomlowesha mama yangu.

Baada ya hapo tukasafisha njia. Tulitoa machujio, tukamimina maji ya uvuguvugu yenye siki polepole kwenye sinia, nusu kikombe kwa nusu kikombe, upande ulio mbali na nyaya. Tukasubiri nusu saa, tukasuuza kwa maji matupu. Usitumie maji yanayochemka, yanalegeza plastiki. Na tafadhali sana, usichanganye siki na jiki, hata kidogo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na chumba cha kulala ni kidogo.

Kagua pia jinsi mpira ulivyolala. Uteremke njia nzima bila kupinda kwenda juu, na ncha yake isizame kwenye ndoo ya maji wala kwenye tope. Nyigu wa udongo hupenda sana kujenga humo, hasa AC ikikaa muda mrefu bila kuwashwa. Kama mpira wako umefukiwa ukutani na huoni unapotokea, au umefanya yote haya na maji bado yanashuka, hapo ita fundi. Huenda sinia limepasuka au mashine imefungwa ikiwa imeinama upande usiofaa. Ila msimamie kwa karibu, na umwombe akuonyeshe maji yakitoka nje kabla hajaondoka.

Siku hizi naosha machujio kila baada ya wiki mbili, na siki napitisha mara moja kwa mwezi wakati wa masika. Chini ya mpira nimeweka ndoo ya lita 10, ncha ikining'inia juu yake. Mama akiwa hapa na AC imewaka usiku kucha, asubuhi naikuta imefika karibu nusu, na maji hayo tunapigia deki. Nikiikuta tupu, siku hiyo hapigiwi mtu simu mpaka nimeushika ule mpira.